Bipu Tatu za Chanika

Nasikia mnataka kuifuta. Habari imenifikia huku huku Chanika, na msijisumbue kumtafuta aliyeniambia, maana mie nimefanya kazi ya mawasiliano miaka mingi mno kushindwa kujua yanayosemwa kwenye kikao chenu cha kampuni ya simu, Mikocheni. Mnataka kuifuta kanuni ya bipu. Mmesema ni ya kizamani, inakula masafa bure, tena iliwekwa na bibi mmoja aliyekuwa anahesabu siku za kustaafu. Bibi mwenyewe ndiye mie, Skolastika. Kabla hamjagusa kitu, mtakaa chini mnisome mpaka mwisho.

Vyeo na mishahara sitavitaja. Vyeo vilikuja vikapita, na mishahara ya kampuni ile nyie wenyewe mnaijua.

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa sketi. Nilikuwa nimetoka Masasi na cheti cha ufundi, nimefikia kwa shangazi Temeke, na shangazi akaniambia kazi ya kampuni ya simu ni ya ofisini, nivae nionekane mtu. Nikafika, nikapakiwa kwenye pikapu, nikashushwa chini ya mnara Mbagala. Fundi mkuu alikuwa Mzee Mbawala, Mngoni mfupi mwenye sauti ya kwaya. Nikampa shikamoo. Akaitikia, akatazama mnara, akatazama sketi.

"Binti, hiyo utapanda nayo au itabaki chini?"

Wanaume wote wakacheka. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Yule mzee akavua ovaroli lake akanipa, akabaki na bukta mbele ya watu wote kana kwamba ndivyo kazi inavyofanyika, akanifunga mkanda wa usalama kwa mikono yake na kuuvuta mara tatu. Nikapanda. Nilitapika huko juu, nikashuka, na kesho yake nikaja na suruali.

Mzee Mbawala alinifundisha kazi kwa miaka minne. Alikuwa na dira, bisibisi mbili na simu ya majaribio nzito kama tofali, na alinifundisha kusoma vipimo mpaka nikawa naviota. Lakini alikuwa na desturi moja ambayo haimo kwenye kitabu chochote. Tukishamaliza kupima, hatuondoki. Tunatafuta mama ntilie wa karibu na mnara, tunakaa kwenye benchi lake, tunaagiza wali maharage, halafu Mzee anauliza, "Mama, hapa kwako simu inashikaje?" Mie mwanzoni nilidhani ni njaa tu inamsumbua.

Siku moja pale Tandika vipimo vilikuwa safi kabisa. Mama ntilie akajibu bila kuacha kukoroga, "Hapa inashika vizuri. Ukivuka ule mtaro hupati kitu tangu mlipokuja kugusagusa." Tukapanda tena. Antena moja bolti zake zililegea, upepo umeigeuza ikatazama ukuta wa godauni. Sie tulikuwa tumepima upande huu wa mtaro tu, upande wenye kivuli. Mzee hakunigombeza. Alisema tu kwamba mnara haujafungwa mpaka mama ntilie aseme, kisha akaenda kumlipia yule mama sahani ya pili.

Hilo nililishika. Baadaye nikaliacha, na huko ndiko tunakoelekea.

Sasa niwaeleze bipu, maana wengine mmezaliwa na kifurushi mkononi. Kubipu ni kumpigia mtu simu na kuikata kabla hajapokea. Zamani ndiyo ilikuwa lugha ya nchi nzima. Bipu moja nimefika salama, mbili nipigie, tatu chakula kiko tayari njoo. Wenyewe wanaelewana bila kusema neno. Sie mafundi tulizichukia mno. Bipu hata isipopokelewa inashika njia kwenye mnara, na sikukuu ya Idi au Krismasi watu walikuwa wanabipuana kwa maelfu mpaka simu za kweli hazipiti. Krismasi ngapi nimekula pilau baridi kwenye hotpoti, ndani ya chumba cha mitambo, nikitazama taa nyekundu na kuzitukana bipu! Haki ya Mungu, nilizitukana matusi ambayo padri wangu hajawahi kuyasikia kwenye kitubio. Basi moyoni nikaandika kwamba bipu ni takataka.

Magoti yalipoanza kulalamika nikashushwa minarani, nikapelekwa ofisini Mikocheni kugawa masafa. Watu wa Dar hatuhitaji kufundishwa mgao, tumelelewa na mgao wa maji na mgao wa umeme. Masafa nayo ni hivyo hivyo. Minara kadhaa inakula kwenye njia moja, na njia yenyewe haitoshi wote kwa wakati mmoja. Ile ya Chanika inapita Pugu mpaka Kipawa, kwa hiyo ukimwongezea Kipawa, Chanika anapungukiwa. Kazi yangu ilikuwa kukaa na jedwali na kuamua nani apewe saa ngapi. Siku ya mechi ya watani naongeza Temeke kuzunguka uwanja, Jumapili asubuhi naongeza makanisani, maana waumini siku hizi wanafuatilia ibada kwenye simu hata wakiwa wamekaa kiti cha mbele. Nilikuwa naliweza jedwali lile. Ila sikuwa nakwenda tena kwa mama ntilie. Ofisini kuna kantini.

Ndipo akaja Godlisten, kijana wa Moshi, mpole, shahada mbili, na viatu vyeupe kama unga wa sembe. Alikuja na programu inayojifunza yenyewe. Unailisha kumbukumbu za simu za miezi mingi, nayo inatambua mwenendo wa kila mnara, halafu inakisia saa ijayo nani atahitaji nini na inagawa masafa bila kumwuliza mtu. Ofisi nzima tukaiita Mwanafunzi.

"Shikamoo Mama," akaniamkia siku ile ya kwanza.

"Marahaba. Hicho kidude chako kitatufukuza kazi lini?"

"Hakifukuzi mtu, Mama. Kinajifunza tu. Ila lazima nikilishe data safi, na mie sijui ipi safi ipi chafu. Anayejua ni wewe."

Aliuliza, na kuuliza si ujinga. Ujinga ulikuwa kwenye jibu langu.

"Simu yoyote ambayo haikupokelewa, ikakatika chini ya sekunde kumi, tupa. Hizo ni bipu."

"Zote, Mama?"

"Zote, mwanangu. Zimeniharibia Krismasi nyingi."

Akaandika kanuni. Mie nikatia saini, na nilijisikia vizuri nikitia.

Msidhani nakuja kumlaani Mwanafunzi. Wastaafu wengi wakiandika hulaani mashine, halafu wanaomba wajukuu wawasaidie kutuma walichoandika. Mwanafunzi alikuwa hodari. Ndani ya wiki chache alijua siku za mechi bila mie kumwambia. Alijua kwamba karibu na uwanja wa ndege, Kipawa, watu wakishuka tu wanawasha simu wote kwa pamoja. Malalamiko yalipungua, meneja akaagiza keki, na jedwali langu likafungiwa kabatini. Mie nikabaki kumsimamia, yaani kutazama kioo na kunywa chai.

Miezi ikapita. Siku moja ya Jumatano, saa nane mchana, mlinzi akapiga simu kutoka getini, anacheka. "Mama Skola, kuna nesi hapa kagoma kuondoka. Anasema anamtaka mtu anayegawa mtandao."

Nikashuka. Nikamkuta mwanamke wa makamo, sare nyeupe, viatu vimejaa vumbi jekundu la Chanika. Jina lake Mwanaidi, nesi wa zahanati moja ndogo huko. Alikuwa ameshapiga huduma kwa wateja mara nyingi, na kila mara walimwambia azime simu aiwashe.

"Dada, wewe ndiye unayegawa?" akaniuliza.

"Ni mie. Pole na safari. Karibu ukae."

"Sikai. Nataka uniambie bipu zangu zinakwenda wapi."

Akanieleza amesimama vile vile. Zahanati yao haina gari. Mjamzito akizidiwa, anayempeleka hospitali kubwa ni Shomari, dereva wa bajaji aliyejitolea, anayeegesha pale kituoni. Wamekubaliana bipu tatu. Shomari akihisi simu imetetemeka mara tatu mfukoni hapokei, hajibu, anashusha abiria wake na kuondoka. Bipu hizo zilikuwa zimeokoa wanawake wengi.

Nami, kwa ujinga wangu wa kitaalamu, nikamwuliza kwa nini asipige simu akaongea naye.

Akanitazama kama mtoto aliyeuliza kwa nini mvua inalowesha. "Dada, mkono mmoja umemshika mgonjwa, mwingine una damu. Naongea na nani? Nabonyeza kwa kidole kidogo mara tatu, narudi kwa mtu wangu."

Wiki mbili kabla ya siku ile, saa saba mchana, mama mmoja anaitwa Zuhura alianza kutokwa damu kabla ya kujifungua. Mwanaidi akabonyeza mara tatu. Akabonyeza tena. Simu inasema mtandao una shughuli nyingi. Akabonyeza mpaka kidole kikateleza. Shomari yuko kituoni, simu iko kimya mfukoni, ananunua mahindi ya kuchoma. Mwisho mtu akatumwa kwa miguu. Zuhura alifika hospitali akiwa hai. Mtoto hakuwahi.

Kesho yake nikamchukua Godlisten, tukaenda Chanika. Saa sita kamili simu yangu ilionyesha mtandao umejaa, vistari vyote vimesimama. Nikampigia Godlisten aliyesimama hatua tano kutoka nilipo. Ikakataa. Nikapiga tena, ikakataa. Mguu wangu ulikuwa umeshanipeleka wenyewe kwenye benchi la mama ntilie chini ya mnara, Mama Tabu, na nilikuwa sijakaa kwenye benchi kama lile miaka mingi.

"Mama, hapa kwako simu inashikaje?"

"Asubuhi inashika, jioni inashika," akasema Mama Tabu. "Jua likifika utosini, hola. Tunabonyeza weee mpaka tunachoka. Sie tulidhani mmetukatia makusudi, mnawapa matajiri."

"Tangu lini?"

"Mwaka sasa. Hakuna aliyekuja kuuliza."

Godlisten alifungua kompyuta palepale, kati ya sufuria la maharage na ndoo ya maji. Akatazama kumbukumbu ambazo Mwanafunzi hulishwa, zile zilizokwisha kusafishwa. Chanika ya mchana ilionekana kimya. Halafu akafungua kumbukumbu ghafi, kabla ya kusafishwa. Loh! Chanika ilikuwa inapiga kelele. Mchana, wenye kazi wako mjini au shambani. Waliobaki ni wazee, kina mama na wagonjwa, na hao ndio watu wa bipu. Bipu zao tulizitupa, Mwanafunzi akajifunza kwamba mchana Chanika hakuna mtu, akampa Kipawa masafa yao. Mnara ukabaki na njia chache, simu zikaanza kukataliwa. Simu iliyokataliwa nayo hukatika chini ya sekunde kumi. Ikatupwa pia. Kadiri watu walivyozidi kuhangaika kubonyeza, ndivyo Mwanafunzi alivyozidi kuona kimya, na ndivyo alivyozidi kuwanyang'anya.

Kijana akafunga kompyuta. Alijua kanuni ile ni ya nani, na adabu ilimzuia kulitaja jina.

"Sema tu," nikamwambia.

"Mama, mie ndiye niliyeiandika."

"Uliandika ulichoambiwa. Aliyesema zote ni mie."

Nililia pale kwenye benchi, sitaki kuficha. Mama Tabu akaniletea maji kwenye kikombe cha plastiki, hakuniuliza nalilia nini.

Jioni ile ile Godlisten aliirudishia Chanika masafa yake kwa mkono. Ikabaki ripoti. Meneja aliniita, akafunga mlango, akaniita dada, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Dada Skola, tuandike kwamba mtambo ulipata hitilafu. Mashine ni mashine. Tutaomba radhi kwa usumbufu, yanaisha."

"Mtambo haukupata hitilafu. Ulijifunza nilichoufundisha."

"Umebakiza miezi mitano. Unataka kuondoka na doa?"

"Doa ninalo tayari. Nataka lionekane."

"Ukiandika jina lako, wanasheria watalivalia njuga. Fikiria."

"Mficha uchi hazai, bosi. Tukisema ni mashine, mtanunua mashine nyingine, na kanuni yangu itahamia humo kama panya anayehamia nyumba mpya. Thubutu! Siandiki."

Akaniambia basi itaandikwa bila mie. Nikamwambia aandike, nami nitaandika ya kwangu na kuibandika kantini ambako watu husoma. Niliandika kurasa mbili. Jina langu liko mstari wa kwanza, kanuni yangu mstari wa pili, na jina la Zuhura wa Chanika mstari wa tatu, baada ya yeye mwenyewe kuniruhusu. Ikabandikwa, ikabanduliwa, nikaibandika tena. Mara ya nne wakachoka. Godlisten akaenda kutia saini yake chini ya yangu bila kuambiwa na mtu, na viatu vyake siku hiyo vilikuwa na vumbi.

Ruhusa ya Zuhura niliifuata mwenyewe nyumbani kwake. Watu waliniambia nisiende, nitajitafutia matusi. Nilikwenda nikiwa tayari kutukanwa, na ingekuwa afadhali. Alinikaribisha mkekani, msichana wa miaka ishirini na kitu, khanga imefungwa kifuani, macho makavu.

"Nesi alibonyeza," akasema. "Nilimwona kwa macho yangu. Alibonyeza mara nyingi. Zilikwenda wapi, mama?"

Nilikuwa nimejiandaa kumweleza mambo ya masafa na minara. Yote yakanitoka.

"Zilifika kwetu, mwanangu. Nikazitupa. Niliona ni takataka."

Aliikaza khanga yake. Nje kuku walikuwa wanaparua. Sikumwomba anisamehe, maana kuomba kungekuwa kumpa mzigo mwingine wa kubeba.

Mwisho akasema, "Basi usizitupe tena." Akanyanyuka, akaingia ndani.

Hiyo ndiyo kanuni ya bipu mnayotaka kuifuta, si ile yangu ya kutupa; mie na Godlisten tuliiingiza kwa Mwanafunzi kabla sijastaafu. Kwenye kompyuta imeandikwa kwa lugha ya akina Godlisten: kila simu iliyojaribiwa ihesabiwe kuwa haja ya mtu, iwe imepokelewa, imekatwa au imekataliwa, na mnara wowote usishushwe chini ya idadi fulani ya njia hata ukionekana umelala. Kwa lugha yangu ni maneno matatu ya Zuhura. Mnasema inakula masafa. Ndiyo, inakula. Kipawa mchana video zinazunguka kidogo kabla ya kufunguka. Nimeishi na lawama hiyo na nalala usingizi mzuri. Mnasema bipu zimekufa, siku hizi watu wanatumiana ujumbe wa sauti. Nani kawaambia? Kumbukumbu zilizosafishwa? Aliyezisafisha nani, na alikula wapi mchana ule?

Sie tuliotangulia hatukuwa malaika, na nyie si wajinga. Tena mna akili kuliko sie. Lakini mwenye kutupa kitu akiwa na uhakika ndiye wa kuogopwa, na mie nilikuwa na uhakika kamili. Kwa hiyo kama mnataka kuifuta, njooni Chanika saa sita mchana, mkae kwenye benchi la Mama Tabu, mle, mlipe, mumwulize. Kisha nitawapeleka kwa Zuhura, mumwambie wenyewe. Amejifungua tena, wa kike, na Shomari ndiye aliyempeleka hospitali.

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, kama mnavyowapa wastaafu wote, sijui mnadhani tukitoka kwenu tunasahau kusoma saa. Nawashukuru, inafanya kazi kuliko mlivyokusudia. Nilihamia huku Chanika nikajenga vyumba viwili na kupanda mihogo, na mie na Mwanaidi tuna makubaliano. Kila siku saa sita mchana ananibipu mara moja, maana yake njia iko wazi. Siku itakayofika saa sita na dakika tano simu yangu ikiwa kimya, nitavaa ile suruali ya minarani, nitakuja Mikocheni, na mlinzi atawapigia simu akicheka kwamba kuna bibi kagoma kuondoka getini. Sitakaa hata mkinipa kiti.

Saa yenu ya ukutani sasa inasema saa sita kasoro dakika moja. Nimeweka kalamu chini.

Simu imeita. Sijaipokea.